Unakwenda BTP (mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wa ualimu) kufundisha muziki? Tanguliza masikio

Siku yangu ya kwanza kukaguliwa nilichora mistari mitano ubaoni kwa rula ya mbao, nikaweka ufunguo wa G, nikapanga noti kutoka do hadi do kwa chaki za rangi nilizonunua kwa fedha yangu. Watoto 80 na ushee wakanakili kimya. Nikajiona mwalimu. Kipindi kilipoisha, mkufunzi aliyekaa nyuma alimwita binti mmoja akamwuliza, "Do iko wapi?" Mtoto akanyoosha kidole ubaoni. "Haya, niimbie." Akatazama chini. Dakika 40 za muziki zilikuwa zimepita bila mtu kuimba.

Leo mimi ndiye ninayekaa nyuma. Kila msimu wa mazoezi nazunguka kwa bodaboda shule za Misungwi na Magu, mkoani Mwanza, na kosa lile lile nalikuta bado liko hai.

Basi wiki ya kwanza usiwe na haraka ya kushika chaki. Ukishatoa shikamoo kwa mwalimu mkuu na kupangiwa vipindi na mwalimu wa taaluma, nenda uwanjani wakati wa mapumziko ukae karibu na wanaoruka kamba. Sikiliza wanaimba nini, nani anaanzisha, wengine wanaitikia vipi. Chukua simu yenye programu ya kinanda, tafuta sauti wanayoanzia. Mara nyingi utaikuta juu kidogo ya C ya kati (ile ya katikati ya kinanda), baina ya D na A. Iandike kwenye daftari, maana ndiyo itakayokuokoa.

Nasema itakuokoa hasa wewe mwanachuo wa kiume. Ukiimba kwa besi yako ya kwaya, wewe unadhani watoto watapandisha wenyewe oktavu moja, yaani kutoka do ya chini hadi do ya juu. Wapo watakaopandisha. Wengine watakufuata huko huko chini, watangurume kama mashine ya kusaga, halafu utaandika kwenye faili kwamba "wanafunzi hawana sauti". Wanazo, ila umewapeleka mahali zisipofika. Piga noti ya kuanzia kwa filimbi, au mteue mtoto mwenye sauti thabiti aanzishe, wewe ongoza kwa mkono. Hapo ndipo ishara za mikono za solfa (do, re, mi), zile alizozieneza John Curwen kule Uingereza karne ya 19, zinapokufaa: mkono hauna besi.

Mwalimu mwenyeji utakayekabidhiwa huenda hakusomea muziki hata siku moja. Alipewa somo la Sanaa na Michezo kwa sababu ratiba yake ilikuwa na nafasi. Usimdharau. Anawajua watoto kwa majina, anajua nani hasikii vizuri sikio la kushoto, nani katoka kufiwa. Muulize hayo kabla ya kumweleza habari za noti.

Na kelele? Mwalimu wa Hisabati wa darasa la jirani atakuja mlangoni, hilo lihesabu limeshatokea. Mfuate mapema wewe. Omba kipindi chako kiwe cha mwisho, au uchukue watoto chini ya mwembe. Nje sauti hupotea, kwa hiyo wapange nusu duara, migongo iuelekee ukuta.

Ala usisubiri za kununuliwa. Vizibo vya soda vilivyotobolewa na kupitishwa waya vinalia, ndoo iliyopinduliwa inalia. Chupa za soda zenye maji ndizo zinazowaaibisha wengi: ukizigonga kwa kijiko, yenye maji mengi hutoa sauti ya chini, kwa kuwa kioo na maji vyote vinatikisika pamoja; ukizipuliza, yenye maji mengi hutoa sauti ya juu, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ni fupi. Mwanachuo mmoja alipanga chupa zake usiku kwa kugonga, asubuhi akawaambia watoto wapulize. Ngazi ikashuka badala ya kupanda. Watoto walicheka, nami nilijificha nyuma ya daftari.

Mapigo fundisha kwa maneno ya Kiswahili, ila chagua kwa sikio. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. "Ndizi" inakaa vizuri ndani ya pigo moja, NDI-zi. "Parachichi" inajaza mapigo mawili, PA-ra-CHI-chi. Lakini "nanasi" ukiianzishia juu ya pigo unaivunja shingo. Mkazo uko kwenye NA ya pili, kwa hiyo silabi ya kwanza inatangulia pigo. Nimeona andalio la somo linalotumia nanasi kufundishia noti tatu sawa ndani ya pigo moja, na darasa zima likitamka NA-nasi kama wageni. Nanasi itunze kwa siku ya kufundisha noti inayoanza kabla ya pigo. Hakuna mfano bora.

Jambo jingine: wengi wenu mmelelewa kwenye kwaya, na mapambio ndiyo yanayowajia haraka mdomoni. Darasani kuna watoto wa dini zote. Usukumani hapa tuna nyimbo za kulimia, tuna bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ya wakulima, na majembe yake. Omba babu au bibi wa kijijini aje afundishe mwitikio mmoja. Ukifanya hivyo siku ya kukaguliwa, mimi nitafurahi, lakini fanya pia siku ambayo sipo. Somo lililoandaliwa kwa ajili ya mkaguzi watoto huifichua siri yake. Huanza kuitikia kabla hujauliza.

Tukimaliza tutakaa chini ya mti tuzungumze. Usijitetee, andika. Kisha jaza sehemu ya tathmini na maoni kwenye andalio lako, na tafadhali usiniandikie "somo limeeleweka". Andika kama hivi: "Safu ya nyuma walishika pigo, safu ya mbele walikimbia kuanzia mstari wa pili, kesho naanza polepole na makofi tu." Iandike hapo hapo shuleni, kabla ya kupanda gari. Ukifika geto utakuta maharage hayajachaguliwa na wenzako wamewasha redio, na wimbo wa watoto wale utakuwa umeshakutoka kichwani.