Maneno ambatani ya Kiingereza: anza kusoma kutoka nyuma

Mwongozo huu ni wa vijana wa Lamu wanaoongoza watalii, na wa mwanafunzi yeyote anayekwama Kiingereza kinapounganisha maneno mawili kuwa moja.

Hatua ya 1: Tafuta kichwa. Kichwa kwa kawaida hukaa mwisho, nacho ndicho kinachotaja kitu chenyewe. "Houseboat" ni chombo cha majini ambacho watu huishi ndani yake. "Boathouse" ni banda la kuwekea mashua. Sisi kichwa tunakitanguliza: garimoshi ni gari, askarikanzu ni askari. Ndiyo maana mtu akitaka kumtaja mchonga milango humtoka "carver door", na mgeni asielewe. Sema "door carver". Ukigeuza mpangilio wa Kiswahili, mara nyingi utapatia.

Hatua ya 2: Kipime hicho kichwa. Jiulize: hiki ni aina ya kile? "Bedroom" ni aina ya "room", sawa. Lakini "scarecrow" si kunguru, ni sanamu ya kutishia ndege shambani; "pickpocket" si mfuko, ni mwizi. Kundi hili kichwa chake hakimo ndani ya neno. Limeundwa kwa kitenzi kisha nomino, kama kipazasauti chetu, ila Kiingereza kina machache ya namna hii, kwa hiyo usijitungie mapya. Chenyewe hupendelea nomino kwanza, kisha kitenzi chenye "-er": "boatbuilder", "woodcarver". Lipo pia kundi dogo ambalo pande zote mbili zina uzito sawa, mfano "bittersweet".

Hatua ya 3: Litamke. Kwa kawaida mkazo huangukia sehemu ya kwanza. "GREENhouse" ni nyumba ya kuoteshea mimea. "Green HOUSE" ni nyumba yoyote iliyopakwa kijani. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi "swimming pool" hugeuka "swimMING pool". Kaza "SWIM". Kitu kikitajwa kwa kile kilichotumika kukitengeneza, mkazo mara nyingi huhamia nyuma: "stone WALL", "apple PIE".

Hatua ya 4: Liandike. Mengine huungana ("sunset"), mengine huachana ("coral reef"), mengine hutiwa kistari ("mother-in-law"). Hakuna kanuni ya kukuokoa hapa, fungua kamusi. Penye kanuni ya kutegemewa ni kwenye namba, na hapo ndipo matangazo mengi ya safari za mashua huharibika. Namba na nomino zikitangulia nomino nyingine, tia kistari na uiache nomino ya kwanza katika umoja: "a three-hour trip", kamwe si "three-hours trip". Zikija baada ya kitenzi, wingi hurudi na kistari huondoka: "The trip takes three hours."

Wingi wa neno zima huwekwa kwenye kichwa: "toothbrushes". Katika "mother-in-law" na "passer-by" kichwa kimetangulia, kwa hiyo andika "mothers-in-law" na "passers-by".