Kompyuta Inadai Nenosiri la Gmail Kila Mara? Omba Nenosiri la Programu

Unafungua programu ya barua pepe kama Thunderbird au Outlook asubuhi, kidirisha kinachomoza kudai nenosiri. Unaliandika, kinafungwa, na kabla hujasoma hata barua moja kimerudi. Ukiingia Gmail kwa kivinjari, nenosiri lile lile linakubaliwa bila shida. Basi acha kulirudia, halina kosa. Tangu tarehe 30 Mei 2022, Google ilianza kukataa nenosiri la kawaida la akaunti binafsi likiletwa na programu ya barua pepe.

Kwa Thunderbird mpya huhitaji kuomba chochote. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva, na mahali pa kuchagua namna ya kuthibitisha weka OAuth2, yaani njia ya kuingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe badala ya kuipa programu nenosiri lako. Fanya vivyo hivyo kwenye seva ya kutuma. Wengi huisahau, kisha wanashangaa barua zinaingia ila hazitoki. Ukurasa wa Google utafunguka, uingie na kutoa ruhusa. Vidakuzi (cookies, faili ndogo ambazo tovuti huhifadhi) viwe vimeruhusiwa kwenye Thunderbird, la sivyo ukurasa huo hautakufikisha popote.

Kama programu yako ni ya zamani, mfano Outlook 2013, au ni skana ya ofisini inayotuma nakala kwa barua pepe, hapo ndipo utaomba nenosiri la programu, yaani nenosiri la pekee ambalo Google hukutengenezea ulitumie kwenye programu hiyo badala ya lako la kawaida.

1. Washa uthibitishaji wa hatua mbili (ule unaodai hatua ya pili, kama msimbo wa simu, baada ya nenosiri) kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama. Bila huo ombi haliendelei.

2. Fungua myaccount.google.com/apppasswords. Andika jina utakalolitambua hata baada ya mwaka, kama "Kompyuta ya dukani", kisha bofya kitufe cha kuunda.

3. Zitatokea herufi 16, zimepangwa nne nne. Zinakili papo hapo, kwa sababu ukishafunga kidirisha hutaziona tena. Nafasi zilizo katikati si sehemu ya nenosiri.

4. Sasa futa nenosiri la zamani lililohifadhiwa kwenye kompyuta. Hapa ndipo watu hukwama: wana nenosiri jipya mkononi, lakini programu inaendelea kutuma la zamani kimyakimya. Outlook huweka lake kwenye Windows yenyewe. Tafuta "Credential Manager" kwenye paneli ya udhibiti, ufute mistari inayohusu akaunti hiyo.

5. Funga programu, ifungue upya. Kidirisha kikitokea, bandika zile herufi 16 na utie alama kwenye kisanduku cha kukumbuka nenosiri.

Kikirudi bado, kagua seva: kupokea ni imap.gmail.com, mlango (port) 993 wenye SSL, yaani usimbaji wa kulinda mawasiliano. Kutuma ni smtp.gmail.com, mlango 465 au 587.

Akaunti ikiwa ya kazini au ya chuo, huenda ukurasa wa kuomba usionekane kabisa. Aliyeufunga ni msimamizi wa mfumo wenu, kwa hiyo muone yeye.

Halafu, siku utakayobadilisha nenosiri kuu la Google, manenosiri yote ya programu yanafutwa na kidirisha kitarudi. Omba jingine tu, ni kazi ya dakika mbili. Herufi hizo usimtumie mtu kwa WhatsApp, hata fundi: zinafungua barua zako bila kudai ile hatua ya pili. Na kompyuta ikiuzwa au ikiibwa, rudi kwenye ukurasa ule ule ufute jina lake.