Makala yako ya kwanza ya Wikipedia: anza na unachokijua kwa mikono

Mimi nilianza na mwani. Mama yangu ni mkulima wa mwani Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na nimeukausha mkekani tangu mdogo. Basi nawe, ukitaka kuandika katika Wikipedia ya Kiswahili, achana kwanza na mada kubwa kama historia ya Afrika. Chukua kitu ulichokishika.

Tafuta kama makala ipo tayari, na ujaribu majina zaidi ya moja: mwani, kilimo cha mwani, ukulima wa mwani. Ukikuta ipo lakini fupi, yaani mbegu kama wanavyoiita wenyewe, usianzishe nyingine. Bonyeza Hariri, uikuze hiyo hiyo.

Sentensi ya kwanza ndiyo yenye kazi. Yangu ilisema: "Mwani ni zao muhimu sana linalowakomboa mama zetu." Naliamini neno hilo mpaka leo, ila msomaji wa Bukavu hajajua bado mwani ni nini. Nikaandika upya: "Kilimo cha mwani Zanzibar hufanyika katika maji ya kina kifupi, ambako vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti." Toa "sana", toa "zetu", eleza kitu kilivyo.

Halafu chanzo. Mama aliniambia kotonii, aina moja ya mwani, ilianza kufa maji yalipozidi joto. Anajua, kwani alikuwa akiitoa kamba imebaki tupu. Lakini maneno ya mama hayawezi kuwa chanzo. Kila dai linataka kitabu, gazeti au ripoti ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua. Nilichofanya ni kuyafuata maneno yake kwenye maandishi ya watafiti. Humo nikakuta kwamba kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989, Paje na Jambiani, na kwamba kotonii yake ni Kappaphycus alvarezii, na spinosamu, aina ya pili, ni Eucheuma denticulatum. Chanzo kiweke papo hapo baada ya sentensi inayokihitaji: mwandishi, jina la andiko, mwaka, ukurasa.

Usinakili. Aya niliyoitoa gazetini ilifutwa siku ile ile. Niliumia, ila mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, alikuwa na haki: maandishi ya Wikipedia ni ruhusa kwa yeyote kuyatumia, na maneno ya gazeti hayakuwa yangu niyagawe. Soma, funga gazeti, ndipo uandike.

Mengine ni mepesi. Jina la makala lizungushie ritifaa tatu kila upande likolee. Neno lenye makala yake litie ndani ya mabano ya mraba mawili mawili. Kwa Jamii, yaani kundi la mada ambamo makala huwekwa, chungulia makala inayofanana na yako.

Picha nilipiga wakati wa bamvua, maji yametoka mbali: mikono ya mama tu, ikifunga kipande cha mwani kwa tai-tai, kile kiuzi cha kufungia. Nilimwomba ruhusa na kumweleza kwamba ikiwekwa Wikimedia Commons, ghala la picha za Wikipedia, yeyote ataweza kuitumia, hata kibiashara. Akafikiri kidogo, akakubali. Nawe mweleze uliyempiga picha kabla hujaipandisha.

Ukishahifadhi, rudi kila baada ya siku chache uangalie Historia na Majadiliano. Kwangu mtu aliuliza kamba moja ina urefu gani. Mama alijibu hapo hapo, kwa pima. Nami nikarudi kwenye vitabu kutafuta palipoandikwa.