SOMO: Kukagua chemba ya bunduki inapotoka kwa fundi

Habari zenu wakuu. Wengi wetu tukibadilishiwa mtutu tunachungulia ndani, tukiona panang'aa tunalipa na kuondoka. Kung'aa ni kazi ya kitambaa na mafuta. Chemba, yaani lile tundu la nyuma ya mtutu linamokaa risasi, inaweza kung'aa huku imechongwa kombo, na nyingine ina mistari mistari lakini inapiga vizuri miaka na miaka. Nitatumia mfano wa .308 Winchester ya bolti (kile chuma cha kufungia chemba kwa nyuma, unachokivuta kwa mkono), maana huku Marekani ni bunduki ya kawaida ya kuwindia kulungu.

Kabla ya yote toa magazini, vuta bolti nje, chungulia chemba kisha iguse kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine mpaka utakapofika uwanjani. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 1: Safisha

Kinyoleo kimoja cha chuma kikibaki ndani, vipimo vyote vitakudanganya. Piga brashi, futa kwa kitambaa kikavu, na usisahau uso wa bolti na nyuma ya masikio yake yanayokaba.

Hatua ya 2: Geji

Hapa tunapima umbali kutoka uso wa bolti hadi pale ganda linapokwama ndani ya chemba. Mafundi wanauita hedispesi. Kwa .308 ganda linakwama begani, pale linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni. Geji ni vipande vya chuma vya kupimia, unavyoviingiza kwenye chemba mahali pa risasi. Geji ya GO ina urefu wa inchi 1.630 na NO-GO inchi 1.634. Tofauti yake ni elfu nne za inchi, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, na ndani ya kijinafasi hicho ndimo kazi yote ya fundi inamotakiwa kuangukia.

Vua pini ya kufyatulia pamoja na kile kipini chenye springi kinachorusha ganda, ili usihisi kitu kingine chochote isipokuwa geji. Ingiza GO, shusha mkono wa bolti kwa vidole viwili tu. Inatakiwa ifunge. Ingiza NO-GO, inatakiwa ikatae. Usilazimishe kabisa! Mkono wa bolti una nguvu ya wenzo, unaweza kuibana geji mpaka ukadhani imeingia yenyewe.

GO ikikataa, chemba ni fupi, na hiyo ni rahisi: fundi anarudisha rima, lile keekee lenye umbo la risasi nzima, anaongeza kidogo. NO-GO ikifunga, chemba ni ndefu. Hapo mtutu unafunguliwa, unapunguzwa nyuma na kuchongwa upya. Usiipige hiyo bunduki hata mara moja "kujaribu".

Ukitaka kujua kama fundi ni makini kweli, kata kipande cha seloteji cha duara, kibandike nyuma ya GO. Tabaka moja lina unene wa kama elfu mbili za inchi. GO ikifunga bila seloteji na ikakataa ikiwa nayo, huyo fundi mshike.

Hatua ya 3: Kamera ya mtutu

Angalia pale matuta ya ndani ya mtutu yanapoanzia, mbele tu ya chemba. Yote yaanze kwenye mstari mmoja kuzunguka duara. Tuta la upande mmoja likianza mbele na la upande wa pili nyuma, ujue rima liliingia likiwa limeinama, au mtutu haukukaa katikati kwenye mashine ya kukereza. Hili halirekebishiki kwa kusugua.

Mengine mengi utakayoyaona kwenye kamera yapuuze. Inakuza mno, na kila mkwaruzo unaonekana kama korongo. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua geji.

Hatua ya 4: Ganda

Hapa ndipo ukweli ulipo. Nenda uwanja wa kulengea shabaha na risasi mpya za kiwandani. Kabla ya kuingiza kila moja, weka alama ya kalamu ya wino kwenye kitako chake, na uiingize alama ikitazama juu. Ukishapiga, okota maganda, yapange mezani alama zikiwa upande mmoja.

Yazungushe taratibu kwenye mwanga. Ukiona uvimbe karibu na kitako upande mmoja, angalia uko wapi ukilinganisha na alama. Ukikaa mahali pale pale kwa maganda yote, kosa ni la bunduki. Ukihamahama, shaba ya maganda ndiyo haina unene sawa na fundi hana kosa. Watu wengi wamegombana na mafundi wao bure kwa kukosa hii alama ya kalamu.

Uvimbe unaozunguka ganda lote pale chini maana yake chemba imepanuka mdomoni, ugonjwa wa rima lililosukumwa bila kunyooka na mtutu. Mikwaruzo ya kwenda urefu wa ganda inatoka kwenye ukingo wa chemba ambao haukuondolewa makali. Hiyo ni kazi ndogo. Mwisho chukua waya mwembamba, pinda ncha yake, uingize ndani ya ganda na uburute ukutani kutoka kitakoni kwenda juu. Ukihisi waya unanasa kwenye kijifereji, ganda lilikuwa linaanza kukatika. Acha kupiga, rudia geji.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Arusha: Mkuu, yangu ni .375 H&H (Holland & Holland). Geji zote zimepita vizuri, lakini maganda ninayoyajaza upya yanakatika juu kidogo ya mkanda, ile pete nene iliyozunguka ganda karibu na kitako. Fundi anasema chemba iko sawa.

Jibu: Inawezekana fundi wako hasemi uongo, kaka. Risasi hiyo ya mwaka 1912 haikwami begani, inakwama kwenye mkanda, na geji ya GO inapima inchi 0.220 za pale chini tu. Bega linaweza kuwa mbali mbele na geji isijue. Ganda linanyooka kulifuata bega, wewe unalirudisha nyuma ukilijaza, linanyooka tena, mpaka linakatika. Rekebisha dai yako ya kujazia (kile chuma kinachorudishia ganda umbo lake) ili bega lisirudi nyuma zaidi ya inavyohitajika bolti kufunga.

Mdau wa Minnesota: Nimeona mistari ya duara ndani ya chemba. Nimwambie aipolishi iwe kama kioo?

Jibu: Hapana. Risasi ikilipuka, ganda linatanuka na kushika ukuta wa chemba, hivyo bolti haibebi msukumo wote. Kioo kinapunguza mshiko huo. Mistari ambayo ukucha hauhisi iache. Ila ganda likitoka lina mawimbi mawimbi na linavutwa kwa shida, hiyo ni mitetemo ya rima, mrudishie.

Mdau wa Nakuru: Sina geji. Nikifunga bolti kwa risasi mpya si inatosha?

Jibu: Haitoshi, na usijaribu nyumbani. Risasi za kiwandani hutengenezwa fupi kidogo ili ziingie chemba yoyote, kwa hiyo bolti itafunga hata kwenye chemba ndefu ya hatari. Nenda kwa fundi mwenye leseni, mwombe apime na geji zake wewe ukitazama. Akikasirika, umeshapata jibu.

Mdau wa Arusha: Asante. Bunduki yenyewe ni ya Uingereza, ina muhuri wa Birmingham. Si ina maana chemba ilishakaguliwa?

Jibu: Ilikaguliwa ilipotoka huko. Nyumba ya majaribio ya Birmingham ipo tangu 1813, na inapiga risasi zenye nguvu kupita kawaida kuona kama chuma kitahimili. Kama mtutu umebadilishwa baadaye, muhuri wa zamani haukuhusu tena. Tazama kama uko kwenye mtutu au kwenye mwili wa bunduki peke yake, halafu unijulishe.