Beko imegoma kutembea: jinsi ya kujua kama gia boksi imekufa kweli au inasingiziwa

Beko (mashine ya kuchimba na kubeba udongo) ya zamani ikigoma kutembea, neno la kwanza utakalosikia ni "gia boksi imekwenda", na kabla jua halijazama mashine ishawekwa juu ya magogo, propela (shafti za kupeleka nguvu kwenye matairi) zimefunguliwa, gia boksi iko chini imepasuliwa, halafu wanakuta klachi ziko nzima kabisa na sasa kila mtu anamwangalia mwenzake. Najua kwa sababu nimeshawahi kuwa mmoja wa hao. Tulipoteza siku mbili kushusha gia boksi na ugonjwa ulikuwa waya wa swichi ya handibreki, umesuguliwa na bodi mpaka ukakatika. Tangu hapo sishushi kitu mpaka mashine yenyewe iniambie.

Naongelea hizi za aina ya JCB 3CX na Case 580 za zamani, zenye torki konveta (kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa kutumia oil), kiwiko cha mbele na nyuma karibu na usukani, na liva ya kawaida ya gia sakafuni. Kama yako ina klachi kavu ya kukanyaga kama ya trekta, mengi ya hapa hayakuhusu.

Uelewe kwanza nguvu inapita wapi maana ndio ramani yako yote. Injini inazungusha sahani nyembamba ya chuma iliyofungwa kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), sahani inazungusha konveta, shingo ya konveta inazungusha pampu ndogo ya gia boksi, pampu inatoa oil yenye presha, presha inaenda kwenye vali, na vali inaipeleka kwenye klachi ya mbele au ya nyuma, yaani sahani zinazobanwa na oil, za kwenda mbele au za kurudi nyuma. Klachi ikishika ndio nguvu inaingia kwenye gia zenyewe, inatoka kwenye propela, inaingia difu (gia za katikati ya eksili zinazogawa nguvu), halafu matairi. Kazi yako ni kutafuta imekatikia wapi.

Anza mwisho, kwenye propela. Weka kuni au mawe kwenye matairi, eneo lote wazi, mwenzako awe kwenye kiti mguu juu ya breki, handibreki ishushwe, aweke gia ya kwanza, aachie breki kidogo huku wewe umesimama pembeni unaangalia propela ya nyuma. Pembeni, sio chini ya mashine, na usiniambie imenyanyuliwa na miguu yake ya haidroliki kwa hiyo ni salama, hose ikipasuka haikusubiri utoke. Propela ikizunguka na tairi halizunguki, gia boksi haina kosa, nenda kaangalie difu na eksili. Kwenye mashine ya kuvuta nyuma tu, eksili moja ikikatika difu inamwaga nguvu yote upande huo na mashine haiendi popote, sasa kanyaga ile loki ya difu, ikisogea basi umepata jibu bila kufungua nati hata moja. Kama propela haizunguki na injini inalemewa unapoweka gia, kuna kitu kimeshika, mara nyingi ni breki. Haizunguki na injini wala haishtuki? Endelea kusoma.

Oil. Angalia kitabu cha mashine yako kinasema upime injini ikiwa inanguruma sailensa, yaani bila kukanyaga resi, au ikiwa imezimwa, kwa sababu nyingi zinapimwa ikinguruma na ukipima imezimwa utaona imejaa wakati iko chini. Ikiwa chini jaza kwanza ndio uendelee na vipimo, pampu ikivuta hewa dalili zote zinakuwa za uongo. Ikizidi nayo mbaya, gia zinaipiga inatoa povu na povu halishiki klachi. Halafu kuna hii ambayo inawapoteza wengi, kwa mashine ambazo pampu kubwa ya haidroliki imefungwa nyuma ya gia boksi, sili ya pampu ikichoka oil ya haidroliki inaingia ndani ya gia boksi, kwa hiyo unaona tenki la haidroliki linapungua kila wiki bila kuvuja popote na oil kwenye kijiti cha kupimia cha gia boksi inapanda. Ukiona hivyo usihangaike kutafuta linavuja wapi nje.

Paka hiyo oil kwenye karatasi nyeupe. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, klachi zimeteleza muda mrefu. Rangi ya chai ya maziwa ni maji, yameingia kwenye kipumulio au kwenye kula (kipozeo cha oil) kama inapozwa ndani ya rejeta. Maji yanabandua zile karatasi za kwenye sahani za klachi, kwa hiyo usidhani kubadilisha oil tu kumemaliza. Na uliza mashine iliwekwa oil gani mara ya mwisho! Oil nzito ya difu ikiwekwa kwenye gia boksi ya hivi, klachi hazishiki vizuri na utaambiwa imekufa.

Sasa umeme, na hapa ndipo pesa nyingi zinapookolewa. Mashine nyingi za hivi zina solenoidi (koili za umeme zinazofungua vali) mbili juu ya vali, moja ya mbele moja ya nyuma, na kuna vitu kadhaa vinaweza kuzikatia moto: fyuzi, swichi ya handibreki, kile kitufe cha kwenye liva ambacho ukikibonyeza kinakata mwendo, na kiwiko chenyewe. Kitufe kikikwama ndani kwa vumbi na grisi, mashine haiendi mbele wala nyuma na gia boksi ni nzima kabisa. Washa switchi, injini imezimwa, mwenzako aweke mbele halafu nyuma, wewe gusisha bisibisi kwenye nati ya solenoidi. Ikiwa na moto utasikia bisibisi inavutwa kama sumaku. Haivuti, rudi nyuma na taa ya kupimia mpaka uone moto umeishia wapi. Kama upande mmoja tu ndio umekufa, badilishana soketi za solenoidi hizo mbili, ugonjwa ukihama ni umeme, ukibaki palepale ni solenoidi yenyewe, vali au klachi. ILA kumbuka sasa mbele imekuwa nyuma, mtu asimame mbali, nimeona mashine ikirudi nyuma mpaka ukutani na dereva ameshangaa tu. Zile za zamani zaidi zisizo na solenoidi zinatumia vyuma vya kusukuma spuli (kijiti kinachoteleza ndani ya vali), angalia bushi zimeliwa kiasi gani, spuli isipofika mwisho klachi inapata presha nusu na inateleza.

Ukiwa umemaliza hayo, sikiliza tabia yake. Haiendi mbele lakini nyuma inavuta kama kawaida na umeme uko sawa, hiyo ni vali, klachi ya mbele au ringi zake za kuzuia oil kwenye shafti, maana pampu na konveta ndizo hizohizo zinazoipeleka nyuma. Pande zote zinakufa kwa pamoja, tafuta kitu kinachohudumia zote mbili. Inaenda vizuri asubuhi, ikichemka inaanza kuteleza mpaka inasimama, ikipoa inakubali tena, hapo oil imekuwa nyepesi na inapita kwenye sili zilizochoka au pampu iliyolika, lakini badilisha filta na safisha chujio la chini kwanza, chujio lililoziba linaweza kukuonyesha sinema hiyohiyo. Gia moja tu inaruka au inalia na nyingine ziko poa, basi klachi ziachie, ni meno au sinkronaiza (ringi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana). Na kama mwendo umekufa siku moja na mikono ya kuchimba nayo, injini ikiwa inanguruma vizuri, kwa mashine ambayo pampu ya haidroliki inazungushwa kupitia katikati ya konveta, ile sahani ya kwenye flaiwili imekatika. Mara nyingi ilishatoa onyo kwa kugonga gonga ikiwa sailensa ila nani alisikiliza.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni geji ya presha. Kuna plagi kwenye vali au ubavuni mwa gia boksi, kitabu kinaonyesha ipi ya nini, funga geji ya bar 40, acha oil ipate moto kwanza, kipimo cha baridi hakina maana. Nyingi za aina hii zinacheza kati ya bar 10 na 20 lakini fuata namba ya mashine yako. Ikiwa chini ukiwa nyutro na ukiwa kwenye gia, ni pampu, chujio, au vali ya kupunguza presha imekwama wazi, na hiyo vali inafunguka bila kushusha kitu kwa hiyo ianze yenyewe. Nzuri nyutro, ukiweka mbele inaanguka, ukiweka nyuma inabaki nzuri, sili za klachi ya mbele zimekwisha. Presha nzuri kila mahali na mashine haivuti, sahani za klachi zimeliwa mpaka chuma au kitu kimevunjika ndani. Sifuri kabisa, pampu haizungushwi.

Kuna na kipimo cha kuibana, unakanyaga breki kwa nguvu zote, gia ya juu, mbele, unapiga resi mwisho na kusoma raundi za injini. Breki zako zikiwa mbovu usijaribu. Sekunde 10 zisizidi kwa sababu nguvu yote inageuka joto ndani ya konveta, halafu rudisha nyutro dakika moja mbili ipoe. Raundi zikizidi za kitabu, klachi zinateleza. Zikiwa chini sana, ama injini imechoka, ama konveta ndani imekufa, na injini tunajua jinsi ya kuipima.

Mwisho kata filta ya zamani kwa msumeno, ikunjue uangalie. Vumbi jeusi kidogo ni kawaida ya umri. Chenga za rangi ya dhahabu ni sinkronaiza au bushi, vipande vya chuma vinavyonata kwenye sumaku ni beringi au meno, vipande vyeusi kama karatasi iliyoungua ni sahani za klachi. Hapo sasa shusha, umeshajua unaenda kutafuta nini. Wakati wa kusubiri usiivute mashine umbali mrefu bila kutoa propela, injini ikiwa imezimwa pampu haisukumi oil na beringi zinazunguka kavu. Na ukirudisha gia boksi mpya au iliyotengenezwa, fumua kula na hose zake uzisafishe kabisa, zile chenga za zamani zimelala humo na zitarudi kwenye klachi mpya ndani ya wiki.