Alama ya mti kwa wanafunzi wanaovusha watoto barabarani

Wanafunzi wa sekondari wanaojitolea kuwavusha wadogo zao asubuhi, hasa kandokando ya barabara ya Dodoma kwenda Singida, wasikadirie umbali wa gari kwa macho. Mpimeni kwanza mtoto anayetembea taratibu kuliko wote, mkiwa na mtu mzima na barabara ikiwa tupu. Tuseme anavuka kwa sekunde 7. Gari la kilomita 50 kwa saa, kikomo cha maeneo ya makazi, hupita mita 14 kila sekunde, lakini madereva wengi hawakitii, hivyo pigeni hesabu ya kilomita 80, yaani mita 22, ambayo kwa sekunde 7 ni mita 154. Pimeni umbali huo kwa kamba pande zote mbili, mchague mti au nguzo iliyo mbali kidogo kupita hapo, na gari likishaipita, hakuna anayekanyaga lami. Alama haisaidii penye kona, wala vumbi la kiangazi linapoificha, na bodaboda inayochomoka nyuma ya lori haitaonekana kabisa. Hapo subirini lori lipite.