Mazao yako stoo za Dar: anza na hesabu, kufuli baadae

Wakuu, mahindi ya Nyanda za Juu yakishavunwa kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 7 wengi wenu mnayashusha Dar, mnapanga stoo Tandale, Manzese, Buguruni au Mbagala huko afu mnasubiri bei ichangamke kuelekea mwaka mpya. Ni miezi mingi hiyo gunia zimekaa mikononi mwa watu wengine. Kila mwaka naulizwa swali lile lile, kufuli gani nzuri, kamera bei gani, na mimi huwa namrudishia tu: leo una gunia ngapi? Hapo mtu anatoa simu anaanza kutafuta meseji ya mwezi wa 7.

Nishalizwa mimi mwenyewe ndo maana nasema. Nilikuwa na gunia 200 za mchele, geti la chuma, kufuli mbili, mlinzi wa usiku, nikalala usingizi kabisa. Siku ya kumalizia mzigo pungufu gunia 6, na hakuna bati lililofumuliwa wala tundu ukutani. Kumbe zilikuwa zinatoka mchana kweupe kwenye gari la mteja halali kabisa, risiti inasema 40 zinapanda 42, utingo anajua, mtu wangu wa stoo anajua, mimi niko pembeni nakunywa chai. Na kule ndani walichomoa za katikati, mbele wakaacha ukuta wa gunia umesimama vizuri, ukichungulia mlangoni unaona stoo imejaa.

Kwaio ulinzi wa kwanza uwe pale pale mlangoni saa ya kupakia. Gari moja kwa wakati mmoja, mlango mmoja tu, wahesabu wawili, mmoja mlangoni mwa stoo mwingine nyuma ya gari, kila mtu na karatasi yake anachora mstari kila gunia linapopita, na wasiwe ndugu au marafiki wa karibu kama unaweza kuepuka. Karatasi zilinganishwe kabla turubai halijafungwa, sio gari likishafika Kariakoo ndo mnaanza kupigiana simu. Afu kuna hesabu ya tatu ya bure ambayo wengi hawaitumii, malipo ya makuli. Kuli analipwa kwa gunia, hawezi kukubali kubeba 42 akalipwa za 40, kwaio ukisikia kalipwa za ziada na dereva au na mtu wa stoo pembeni, ujue kuna kitu. Walipe wewe mwenyewe na uandike.

Sasa bambo. Kile kichuma cha kuchoma gunia kutoa sampuli kila mfanyabiashara anacho, na mteja ana haki ya kuona anachonunua, sikatai. Shida ni pale kila anaekuja anachoma, anaondoka na kiganja, na kijana wa stoo nae anachoma akiwa peke yake. Nusu kilo tu kwa gunia ukiwa na gunia 300 ni kilo 150, yaani gunia moja na nusu limeondoka na idadi yako haijabadilika hata moja. Bambo likae kwako. Wateja wachomee gunia mbili tatu ulizotenga kwa kazi hiyo, na kilichotoka kirudi kwenye ndoo.

Mafagio nayo yale yale. Sehemu nyingi nafaka inayomwagika chini ni ya anaefagia, ni utaratibu wa siku nyingi na wa huruma, ila ukiona kila siku gunia zinapasuka pembe ile ile jua kuna mtu ana wembe. Mimi naona bora umwongezee hela ya kufagia, mafagio yapimwe yaingie kwenye daftari kama mzigo wako.

Hapa kuna jambo linawachanganya watu. Mahindi yanakauka. Ukiingiza yakiwa na unyevu wa asilimia 15 yakashuka hadi 13, gunia la kilo 100 linabaki kama kilo 97.7 na hakuna aliekuibia. Kwenye gunia 300 hiyo ni karibu kilo 690, kama gunia 7 hivi. Watu wamewafukuza walinzi kwa hilo, na wezi nao wanajificha humo humo, kila ukiuliza unaambiwa "bosi yamekauka". Dawa yake pima unyevu siku ya kuingiza, uandike, afu kila mwezi pima gunia 10 zile zile ulizoziwekea alama. Kukauka kunapunguza kilo, hakupunguzi idadi ya gunia. Mzani uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Kupanga: juu ya chaga, acha kama mita 1 kutoka ukutani ili uzunguke pande zote, kila safu idadi sawa na mistari iwe imenyooka. Hiyo nafasi watu wanaiona ni hasara ya kodi, lakini ndo inayokuonyesha shimo la nyuma, na panya pia utamwona. Shona gunia kwa uzi wa rangi yako, maana gunia likifunguliwa likajaziwa pumba chini huwa wanashona na uzi wowote uliopo.

Kuhusu mlinzi wa usiku, asiwe na ufunguo wa stoo, kazi yake iko nje. Na tafadhali, mkishaweka vidonge vya kufukizia wadudu asilale ndani hata kama mvua inanyesha, ile gesi ya fosifini inaua, watu wamekufa kwa kulala stoo. Hesabu gunia kabla ya kufunika turubai la kufukizia na baada ya kulifunua. Kamera ukiwa na uwezo ielekezwe mlango wa kupakilia, mashine ya kurekodi ikae chumba kingine na iwe na betri, umeme ukikatika isizime. Akiondoka mfanyakazi badilisha kufuli siku hiyo hiyo. Mwenyekiti wa mtaa na wale wa ulinzi shirikishi wakujue sura, inasaidia kuliko unavyodhani.

Ukihifadhi kwenye ghala la mtu, uliza kama lina leseni ya stakabadhi za ghala, yaani karatasi rasmi ya kuthibitisha mzigo wako uliomo humo, mfumo huo una sheria yake toka 2005, na usiondoke na ahadi ya mdomo. Bima pia isome kabla ya kulipa, nyingi za wizi zinataka alama za kuvunja, ile ya gunia 42 kwenye risiti ya 40 haimo, mpaka uombe kinga ya wizi wa wafanyakazi.

Ukikuta pungufu usipige mtu. Simamisha kupakia, funga, hesabu upya mbele ya mjumbe, piga picha daftari na karatasi za wahesabu, nenda polisi kachukue RB, ile namba ya kuripoti tukio, siku hiyo hiyo. Mimi nilienda baada ya siku 9, sina karatasi hata moja, askari akaniuliza ulikuwa na ngapi nikasema "kama mia mbili hivi".